Je, wajua kwa nini jua hugeuka Juni, na kwa nini Mtwara ni rahisi kutoliona likigeuka?

Simama ufukweni Msimbati, Mtwara, alfajiri ya tarehe 21 Juni, uso ukielekea mashariki. Jua halitachomoza mbele yako. Litatokea kushoto, upande wa kaskazini. Rudi hapohapo tarehe 21 Desemba, utalikuta kulia. Nyoosha mkono, kunja ngumi, pima: kati ya macheo hayo mawili zinaingia karibu ngumi tano.

Sababu ni kwamba dunia hulizunguka jua ikiwa imeinama nyuzi 23.4, na haijinyooshi popote njiani. Juni ncha ya kaskazini ndiyo iliyolielekea jua, nasi wa kusini mwa ikweta tunapata mwanga wa mshazari. Desemba huwa zamu yetu. Kwa hiyo siku fupi kuliko zote, ambayo London huipata Desemba kwa mchana ambao urefu wake haufiki hata saa nane, sisi huipata Juni, katikati ya kipupwe.

Ila ufupi wenyewe ni mdogo mno. Mtwara iko kama nyuzi 10 tu kusini mwa ikweta, hivyo mchana wa Juni una saa 11 na nusu, na wa Desemba saa 12 na dakika 40 na ushei. Ndiyo maana saa zetu za Kiswahili, zinazohesabiwa tangu macheo, zinatufaa mwaka mzima. Mtu wa London zingemvuruga.

Kinachonigusa mimi zaidi ni kule kutulia. Mwezi Machi, kila siku mahali pa macheo husogea karibu upana wa jua lenyewe. Lakini siku kumi nzima kabla ya tarehe 21 Juni halisogei hata upana huo mmoja. Mtoto akiwa kwenye bembea, akifika juu kabisa huwa vivyo hivyo: mwendo unapungua, anatulia kitambo, ndipo anarudi. Mwisho wa safari ya jua na mwanzo wa nyingine vimelala pamoja, na jicho haliwezi kuvitenga.

Utavitenga shambani. Ukanda wa mvua hulifuata jua. Likija kusini, mvua nazo huja, Novemba hadi Aprili au Mei. Likienda kaskazini huondoka nazo, na upepo wa kusi hushika pwani. Kwa hiyo ule mwinamo wa dunia ndio unaofanya Juni ya Mtwara na Lindi iwe wakati wa mpunga na mtama kuingia ghalani na shamba kubaki mabua. Wakati huohuo mikorosho inatoa majani mapya na maua, na mkulima ambaye jana alikuwa anapeta leo anatafuta salfa ya kupulizia, ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe, usije ukamaliza maua yake.

Na kwa kuwa chakula kipo na njia zimekauka, huu ndio msimu ambao kwa desturi Wamakonde, Wamakua na Wayao hupeleka watoto jandoni na unyagoni. Kijana anaingia kumbini na jina la utotoni, anatoka na jingine. Baada ya hapo kumwita lile la zamani ni kumvunjia heshima. Sijui mahali pengine ambapo kumaliza na kuanza kunatamkwa wazi namna hiyo, kwa jina la mtu, tena katika miezi ileile ambayo jua linarudi.

Maana linarudi kweli, polepole mwanzoni, kisha kwa kasi. Karibu tarehe 20 Oktoba huwa utosini kwa Mtwara: saa sita mchana na dakika chache, nguzo iliyosimama wima haina kivuli. Chini ya mikorosho, watu wameinama wanaokota.