Leza ukeni baada ya kukoma hedhi: tunajuaje kama imefanya kazi?

Wauzaji wa mashine za leza hujibu maswali mengi kwa bashasha, isipokuwa hili: mmepima nini? Mimi ni daktari wa magonjwa ya wanawake, na swali hilo ndilo lililonifanya nifuatilie OCT (optical coherence tomography), teknolojia ya kupiga picha za ndani ya tishu kwa mwanga, ambayo wenzangu wengi wanaijua kama mashine ya watu wa macho.

Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hushuka na uke hubadilika. Utando wa ndani hukonda, mikunjo yake hupotea, damu inayofika pale hupungua. pH, yaani kipimo cha asidi, iliyokuwa kati ya 3.5 na 4.5 hupanda hadi kupita 5, na ule ulinzi dhidi ya vijidudu hulegea. Mama analalamika ukavu, muwasho, maumivu wakati wa tendo la ndoa, UTI zinazojirudia. Joto la ghafla na jasho la usiku kwa wengi hupoa baada ya miaka kadhaa. Hili halipoi lenyewe, likiachwa huzidi.

Tiba yake ya kawaida haina makuu: vilainishi, na estrojeni ya dozi ndogo ya kuweka ukeni. Lakini wapo wasioruhusiwa au wanaoiogopa, hasa waliotibiwa saratani ya matiti, na hao ndio leza inawalenga. Inayotumika sana ni ya kabonidioksidi, yenye mawimbi ya nanomita 10,600 ambayo humezwa upesi na maji yaliyomo kwenye tishu. Mwanga hugawanywa kuwa vitone vidogo vinavyounguza hapa na kuacha pale, ili sehemu zilizobaki nzima ziharakishe kupona. Hoja ni kwamba vidonda hivyo vidogo vitaamsha kolajeni, protini inayoipa tishu uimara, na mishipa mipya ya damu, na utando utanenepa. Kwa kawaida hufanywa mara tatu, kwa nafasi ya wiki nne hadi sita.

Hoja nzuri. Sasa tupime. Tuna kipimo cha alama 5 hadi 25 kinachoangalia unyumbufu, majimaji, pH, uimara wa utando na unyevu. Ukiacha pH, vyote vinategemea jicho na mkono wa daktari, na daktari aliyenunua mashine ana jicho lenye huruma. Biopsi ni shahidi bora, ila inakata kinyama kutoka sehemu moja, na sehemu uliyokwisha kuikata huwezi kurudi kuifuatilia.

Hapo ndipo OCT inapoingia. Ilitangazwa mwaka 1991 na David Huang, James Fujimoto na wenzao wa MIT, Marekani. Ukiwahi kuambiwa kwenye kliniki kubwa ya macho ukapige OCT ya retina, ni hiyohiyo. Ni kama ultrasaundi, ila badala ya sauti hutumia mwanga usioonekana, jirani na mwekundu. Mwanga una kasi mno kiasi kwamba hakuna saa ya kawaida inayoweza kupima mwangwi wake, kwa hiyo miale inayorudi kutoka kwenye tishu hukutanishwa na miale mingine iliyosafiri umbali unaojulikana, na jinsi inavyoingiliana ndiko kunakoonyesha kina. Inaona vitu vya takriban mikroni 10, yaani sehemu ya mia ya milimita, lakini haizami zaidi ya milimita moja au mbili. Kwa uke kina hicho kinatosha: utando wenyewe haufiki hata milimita moja.

Katika Beckman Laser Institute huko Irvine, California, kundi la Zhongping Chen na Yona Tadir lilitengeneza kifaa chembamba cha kuingizwa ukeni kinachopiga picha hizo, wakapima unene wa utando kwa wanawake waliokuwa wakitibiwa kwa leza. Hakuna kukata, hakuna mionzi ya eksirei. Kwenye picha, utando huonekana kama tabaka lililofifia juu ya tabaka linalong'aa zaidi, na mpaka wao unapimika. Ukirudia picha haraka haraka mahali pamoja, chembe za damu zinazopita hubadilisha mwanga ilhali tishu imetulia, hivyo mishipa inajichora bila kuchoma sindano ya dawa.

Usumbufu upo, nao hausemwi sana. Ukikandamiza kifaa kidogo tu, tishu iliyokonda inabanwa na unene unapungua papo hapo. Kurudi sehemu ileile baada ya wiki sita nako kunahitaji alama na nidhamu. Mtu akinionyesha picha mbili, "kabla" na "baada", bila kueleza ametatua vipi hayo mawili, sizitazami mara ya pili.

Kuna jambo zito zaidi. Mwaka 2018, FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilionya kwamba leza zinazonadiwa kwa "kurudisha ujana wa uke" hazijathibitishwa kwa kazi hiyo, na ikataja kuungua, makovu na maumivu ya kudumu. Mwaka 2021, jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha utafiti wa Sydney, Australia, uliogawa wanawake 85 kwa kura: wengine walipewa leza halisi, wengine ya kuigiza. Baada ya miezi 12 dalili hazikutofautiana kwa maana yoyote ya kitakwimu, na biopsi nazo hazikuonyesha tofauti.

Wapo wanaosema matokeo hayo yameua OCT pamoja na leza. Sikubaliani. Utando unaweza kunenepa mama akabaki na maumivu, au akapata nafuu picha isibadilike. Kitu hicho tutakijua tu tukiweka picha na maelezo ya mwanamke upande kwa upande, kwenye makundi yote mawili, na msomaji wa picha asijue nani alipewa nini. OCT pia inaweza kuonyesha mapema kama leza imefika kina kilichokusudiwa au imepita.

Akija mama kuniuliza kama alipie leza kwenye kliniki ya urembo, namwambia hapana. Kama hana kizuizi tunaanza na estrojeni ya ukeni, na tunaipa miezi mitatu. Aliyetibiwa saratani ya matiti namwanzishia vilainishi visivyo na homoni, kisha ninazungumza na daktari wake wa saratani kabla ya kuandika kingine chochote.