Dampo linapotaka kupanuliwa karibu nawe: maswali ya afya

Tarehe 10 Agosti 2024, mlima wa taka wa Kiteezi, wilayani Wakiso, kaskazini mwa Kampala, uliporomoka baada ya mvua kubwa. Ulifukia nyumba, mifugo na watu. Waliokufa walizidi 30. Dampo hilo lilikuwa likipokea kasasiro, yaani taka, ya jiji tangu 1996. Sasa kila manispaa ikitaja kuongeza eneo la taka, wakazi wana maswali, na wana haki ya kuyauliza. Haya ndiyo yanayorudi mara nyingi.

Tathmini ya mazingira, ule uchunguzi wa athari za mradi kabla haujaanza, si mambo ya miti na vinamasi? Afya yangu inaingia wapi?

Inaingia moja kwa moja. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019, pamoja na kanuni zake za 2020, inataka tathmini iangalie athari kwa mazingira na kwa jamii pia. Mwenye mradi huandaa ripoti, kisha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, huipitia na kuamua kama itatoa cheti cha kuruhusu mradi, na kwa masharti gani. Ibara ya 39 ya Katiba nayo inampa kila raia wa Uganda haki ya mazingira safi yenye afya. Kwa hiyo ripoti inayohesabu ndege wa kinamasini lakini haisemi ni kaya ngapi zinachota maji bondeni, kwangu mimi haijakamilika.

Maji ya chemchemi yetu ni maangavu, na tunayachemsha. Bado kuna hatari?

Inaweza kuwepo. Mvua ikipenya kwenye taka hutokea chini ikiwa maji meusi yenye harufu kali. Hubeba vijidudu vya kinyesi kutoka kwenye nepi, amonia inayotokana na vitu vilivyooza, na madini kama risasi kutoka kwenye betri kuukuu. Chemchemi zetu nyingi ziko chini ya vilima, ukingoni mwa kinamasi, na maji hayo huteremkia huko huko.

Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu, taifodi na kuhara, kwa hiyo msiache kuchemsha. Lakini moto hauondoi risasi wala naitreti. Maji yakikauka kidogo sufuriani, kilichomo huzidi kukolea. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Naitreti nyingi ni hatari kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga, kwa sababu damu yake hushindwa kubeba oksijeni ya kutosha. Macho hayawezi kuona hayo. Maabara ndiyo inayoona.

Ndiyo maana, kama mtapewa nafasi ya kuuliza swali moja tu, ningeomba liwe hili: maji yetu yamepimwa kabla ya upanuzi, na majibu yako wapi? Yapimwe kiangazi na wakati wa mvua, kwenye chemchemi na visima vinavyotumika kweli, na nakala ibaki kijijini. Bila kipimo hicho cha mwanzo, miaka mitano baadaye mtu akilalamika ataambiwa maji yalikuwa hivyo siku zote.

Ulizeni pia kuhusu sehemu ya zamani. Mwenye mradi hueleza kwa fahari tandiko la plastiki nene na mabomba ya kukusanyia maji machafu katika eneo jipya. Je, taka za zamani zimelala juu ya nini?

Moshi na harufu vinaleta ugonjwa gani?

Taka za chakula na maganda ya matoke zikioza bila hewa hutoa methani, gesi inayowaka kwa urahisi. Moto wa dampo huweza kufukuta chini kwa chini siku nyingi. Moshi wake, hasa plastiki ikiungua, hukera macho na kuwasha kifua. Mwenye pumu hubanwa, na watoto na wajawazito huumia zaidi. Kufunika taka kwa udongo kila siku hupunguza moto, harufu na inzi. Sharti hilo liandikwe kwenye cheti.

Na mbu?

Wapo. Matairi na makopo hushika maji ya mvua, nao huzaana humo. Panya nao hufuata chakula.

Mwanangu huokota chupa dampo. Amechomwa na sindano. Nifanyeje?

Mama, muoshe hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue kidonda. Kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia VVU zinapaswa kuanza haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita. Waulize pia kuhusu chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini B. Taka za hospitali hazipaswi kabisa kumwagwa pamoja na za nyumbani. Tathmini ieleze zitakwenda wapi.

Dalili gani zinaonyesha kwamba rundo linaweza kuporomoka?

Nyufa mpya juu ya taka, ubavu unaovimba au kuteleza, maji yanayobubujika kitakoni ghafla, hasa baada ya mvua kubwa. Mkiona hayo, ondoeni watoto na wazee kwanza, ndipo mpige simu. Anayejenga chini ya mteremko huo hajawa mjinga. Mara nyingi ndiyo ardhi pekee aliyoimudu. Tathmini inapaswa kutaja nyumba hizo na kusema wenyewe watahamishiwa wapi.

Mkutano wa kujadili ripoti ya tathmini ni kwa Kiingereza. Mimi najua Kiswahili na Luganda tu.

Nenda kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, mapema, umwombe mkalimani na muhtasari wa ripoti kwa lugha mnayoielewa. Kiswahili kimetajwa kwenye Katiba kuwa lugha rasmi ya pili, kwa hiyo ombi lako si la ajabu. Mhudumu wa VHT, timu ya afya ya kijiji, aje pia, maana ndiye anayejua nyumba zilizougua kuhara mwezi uliopita. Maoni yenu yaandikwe, yawe na tarehe na sahihi, yapelekwe NEMA na kwa afisa mazingira wa wilaya. Nakala moja ipigwe mhuri wa kupokelewa, mrudi nayo nyumbani.