Eilikrineia: weupe wa moyo wa mhudumu si nta wala machozi

Mhubiri wa Masasi au Nachingwea anayeandaa somo juu ya unyofu katika huduma hawezi kulikwepa neno la Kigiriki eilikrineia. Limo mara 3 tu katika Agano Jipya: 1 Wakorintho 5:8, kisha 2 Wakorintho 1:12 na 2:17. Biblia ya Union inasema "weupe wa moyo". Bahati mbaya, mengi yanayofundishwa juu yake si sahihi.

Dhana: maana yake ni "bila nta". Husimuliwa kwamba wachongaji wa Roma walificha nyufa za sanamu kwa nta, na waaminifu wakatangaza kazi yao kuwa "sine cera".

Ukweli: hayo ni maneno ya Kilatini, na Paulo aliwaandikia Wakorintho kwa Kigiriki. Hata kwenye Kilatini chenyewe hadithi haisimami, kwa kuwa wanaisimu hulihusisha neno sincerus na mizizi ya "moja" na "kukua". Iacheni. Inasikitisha kuufundisha ukweli kwa jambo lisilo kweli.

Dhana: ni kitu kilichokaguliwa juani.

Ukweli: hii ina msingi kidogo. Krino ni kupambanua, na sehemu ya kwanza ya neno wengine huihusisha na joto la jua, ingawa asili hiyo ina ubishi. Matumizi ndiyo yanayoamua maana. Plato, mwanafalsafa wa Kigiriki, zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo, alitumia kivumishi chake, eilikrines, kwa fikra safi, isiyochanganyika na kitu kingine.

Dhana: ni kuhubiri kwa hisia, kwa sauti ya kutetemeka na machozi.

Ukweli: hapa ndipo penye uzito. Katika 2 Wakorintho 2:17 Paulo anaweka weupe wa moyo mkabala na "walighoshio neno la Mungu". Kitenzi chake, kapeleuo, kinatokana na kapelos, mchuuzi wa rejareja, hasa wa mvinyo. Isaya 1:22 katika tafsiri ya kale ya Kigiriki inawataja wachuuzi hao hao wakitia maji kwenye mvinyo. Swali la Paulo basi ni nini kimetiwa ndani ya neno, na kwa faida ya nani. Mkulima wa Tandahimba anaelewa mara moja: bambo, chombo cha kuchomoa sampuli, likichomwa kwenye gunia la korosho, likatoka na mbichi na kokoto, machozi ya mwenye gunia hayabadilishi daraja. Mahubiri nayo yachomwe bambo hivyo. Chukua aya moja ya maandalizi yako, uliza kila sentensi imetoka wapi: andiko, uzoefu wako, au haja ya kuongeza sadaka. Uzoefu si dhambi. Kosa ni kuuita andiko.

Dhana: mwenye weupe wa moyo habadili ratiba.

Ukweli: Paulo anaandika 2 Wakorintho 1:12 huku akituhumiwa kigeugeu, kwa sababu aliahirisha safari ya Korintho. Anakiri ameibadili, na katika 1:23 anatoa sababu: alitaka kuwahurumia. Mchungaji aliyeahidi ibada Newala akashindwa kufika, aseme mapema, na aseme sababu halisi.

Dhana: Mungu anaujua moyo wangu, kwa hiyo hesabu si lazima.

Ukweli: barua hiyo hiyo, 8:16–23, inaonyesha mchango wa watakatifu ukisimamiwa na Tito pamoja na ndugu wawili, ili mtu asilaumu. Malipo ya korosho yakiingia na zaka zikaongezeka, wahesabu wawe angalau wawili, wasiotoka nyumba moja, na wahesabu kabla fedha haijatoka kanisani. Kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, wote watie sahihi. Fedha yote ipelekwe benki kwanza, matumizi yatoke baadaye. Ukikata nauli au chakula cha wageni njiani, karatasi ya benki haitalingana na daftari, na hata aliyekata kwa nia njema hatakuwa na cha kuonyesha.