Manowari, sona na nyangumi wa kusi: yanayosemwa barazani na yaliyo kweli

Manowari za kigeni zikiingia Kilindini kwa mazoezi na wanamaji wetu wa Mtongwe, maneno hayakosekani. Nimeyasikia ndani ya feri ya Likoni, nimeyasikia kwenye baraza za Mji wa Kale: eti mitambo yao ya chini ya maji inaua pomboo, eti jeshi haliulizwi na mtu, eti huku kwetu hakuna nyangumi wa kuhangaikiwa. Yote yana chembe ya kweli, na ndiyo maana hayafi. Nimeyachambua moja baada ya jingine kwa sababu bahari hii ndiyo iliyonilea, na mtu akikosea ugonjwa atakosea na dawa.

"Sona inampasua nyangumi masikio, anakufa papo hapo."

Sona ni mlio. Manowari inaupeleka majini, mwangwi ukirudi unaeleza nyambizi iko wapi. Mnyama aliye karibu mno na meli kweli anaweza kuumia masikio. Lakini vifo vilivyowashtua wanasayansi vina kisa kingine, na mhusika wake mkuu ni nyangumi mwenye mdomo uliochongoka, kiumbe wa kilindini ambaye mvuvi anaweza kuzeeka bila kumwona. Aina moja ya nyangumi hao, ile iitwayo ya Cuvier, imepimwa ikishuka karibu mita 3,000, na kukaa chini zaidi ya saa mbili kwa pumzi moja. Mwili wa namna hiyo unaishi kwa mpango: anazama hivi, anapanda hivi, anapumzika muda fulani. Akisikia mlio asioufahamu anakimbia, na mpango ule unavurugika.

Septemba 2002, wakati wa mazoezi ya kijeshi ya kimataifa karibu na visiwa vya Canary vya Hispania, nyangumi 14 wa jamii hiyo walikwama ufukweni. Waliopasuliwa walikutwa na viputo vya gesi na mafuta ndani ya mishipa na viungo. Wazamiaji wetu wa majongoo wanaotumia mitungi wanaujua ugonjwa unaofanana na huo: ukipanda upesi kupita kiasi, hewa inachemka damuni. Kwa hiyo maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba hofu ndiyo inayoua, na mlio ndio unaoleta hofu. Jambo hili lina uzito mkubwa kwa mtunga kanuni. Mnyama anaweza kudhurika akiwa mbali kabisa na meli, mahali ambapo sauti pekee isingemuumiza sikio.

"Desibeli 235! Hiyo ni sauti ya roketi."

Tarakimu hiyo ni ya kweli kwa sona kubwa za manowari za Marekani, ikipimwa mita moja tu kutoka kwenye chanzo. Kosa ni kuilinganisha na desibeli za hewani. Vipimo vya majini vina msingi wake, na kwa nguvu ile ile ya sauti, tarakimu ya majini huwa juu kwa takriban 62. Ukiipunguza hivyo, bado ni sauti kubwa ya kutisha. Haihitaji kutiwa chumvi.

"Pomboo wakikwama, ujue kuna manowari."

Hapa ndipo tunapokosea zaidi, tena sisi wa pwani hii tuna sababu ya kujua. Mwishoni mwa Aprili 2006, pomboo zaidi ya 400 walikutwa wamekufa kati ya Kendwa na Nungwi, kaskazini mwa Unguja. Upesi watu walianza kunyooshea kidole sona ya Wamarekani. Matumbo ya pomboo yalikuwa karibu matupu, dalili za sumu hazikuonekana, na mpaka leo hakuna aliyethibitisha sababu. Dhana ya sona ilibaki dhana.

Miaka miwili baadaye, upande wa pili wa Mlango wa Msumbiji, pomboo weusi wa maji makuu wapatao 100 waliingia kwenye hori la Antsohihy, Madagaska, mahali ambapo hawaishi kabisa. Jopo huru la wataalamu lilichambua kisa hicho na kutoa ripoti mwaka 2013: kichocheo kilichoelekea zaidi kuwa ndicho ni mtambo wa kupima umbo la sakafu ya bahari uliokuwa ukitumiwa na watafutaji wa mafuta. Manowari haikuhusika. Aliyetega macho yote kwa wanajeshi angempita mkosaji mwenyewe.

Ila kuna palipothibitika. Machi 2000, huko Bahamas, wanyama 17 wa jamii ya nyangumi na pomboo walikwama ndani ya muda mfupi. Jeshi la Wanamaji la Marekani, likiwa pamoja na wasimamizi wa uvuvi wa nchi yao, lilikiri katika ripoti ya Desemba 2001 kwamba sona za meli zake ndizo zilizokuwa chanzo chenye uwezekano mkubwa. Jeshi lilijiandikia hatia lenyewe, na tangu hapo mjadala ukahama: kutoka kama sona inadhuru, hadi itumike wapi na lini.

"Jeshi haliulizwi. Na lile lililoulizwa lilipewa kibali cha kuua maelfu."

Sentensi mbili, makosa mawili. Marekani ina sheria ya kulinda mamalia wa baharini tangu 1972, na jeshi lake linaomba kibali chini ya sheria hiyo kabla ya mazoezi makubwa. Kibali kina tarakimu za wanyama wanaokadiriwa kuguswa, na watu huzisoma kama orodha ya maiti. Sivyo. Sehemu kubwa kabisa ya hesabu hiyo ni usumbufu: mnyama kuacha kula, kubadili njia, kunyamaza. Kujeruhiwa kunahesabiwa peke yake, na vifo peke yake.

Lakini sitaki mtu aondoke hapa akidhani sheria ile ni ukuta. Mwaka 2003 Bunge la nchi ile liliilegeza kwa ajili ya jeshi: sharti la kugusa "idadi ndogo" tu ya wanyama likaondolewa, na maana ya usumbufu ikafanywa finyu zaidi. Mwaka 2018 muda wa kanuni za vibali vya jeshi ukarefushwa kutoka miaka mitano hadi saba.

Kuna na ile kesi ya 2008 inayonukuliwa kana kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema nyangumi hawana thamani. Mahakama ya chini, kwa amri ya muda, ilikuwa imeweka masharti sita kwa mazoezi ya California. Jeshi lilipinga mawili tu, mojawapo likiwa la kuzima sona mnyama akionekana ndani ya kama kilomita mbili. Hayo mawili yakafutwa, kwa hoja kwamba maslahi ya ulinzi yalikuwa mazito zaidi katika amri ile ya muda. Manne yaliyobaki hayakuguswa. Kisha Septemba 2015, baada ya kushindwa katika kesi nyingine, jeshi hilo hilo lilikubali kuacha au kupunguza sona na milipuko katika maeneo yaliyotajwa ya Hawaii na kusini mwa California.

"Baharia mwenye darubini anatosha."

Hatoshi. Nimeeleza kwamba kuna nyangumi anayekaa chini zaidi ya saa mbili. Huyo utamwona kwa darubini gani? Na usiku je? Na kusi likivuma, mawimbi meupe kila upande? Machi 2011, karibu na San Diego, wanamaji walikuwa wakifanya zoezi la baruti chini ya maji. Pomboo walionekana wakielekea eneo la hatari, ila baruti ilikuwa imeshategwa kwa kipima muda na hapakuwa na njia ya kuizima kwa usalama. Watatu walikufa pale pale. Watazamaji walikuwepo, na waliona.

Kinachofanya kazi kweli ni uamuzi unaochukuliwa kabla meli haijang'oa nanga: wapi, na msimu gani. Hispania ilipiga marufuku sona ya kijeshi kuzunguka Canary mwaka 2004, na watafiti walioandika mwaka 2013 walieleza kwamba mikwamo ya makundi ya namna ile haikutokea tena visiwani humo. Kwangu mimi huo ndio ushahidi ulio bora kuliko wote katika suala hili.

"Huku Mombasa hayatuhusu."

Yanatuhusu kila mwaka, kuanzia Julai hadi Septemba. Nyangumi wenye nundu wanatoka bahari ya Antaktika wanakuja kuzaa kwenye maji ya joto, na wengine wanapita mbele ya Shimoni, Diani, Mombasa hadi Watamu na kwenda zao kaskazini. Pomboo wa Kisite wako mwaka mzima. Nguva wamebaki wachache mno, kaskazini zaidi, Lamu na Kiunga.

Ni haki kusema pia kwamba mazoezi ya pamoja kama yale ya Cutlass Express, yanayoongozwa na Marekani na yaliyowahi kufanyika hapa Mombasa, kwa sehemu kubwa ni ya kusimamisha vyombo, kupanda na kupekua. Kuwinda nyambizi ni jambo jingine. Na nyangumi wa nundu siye anayekwama kwa urahisi kwa sababu ya sona. Lakini mama mwenye ndama akifukuzwa mahali alipochagua kunyonyeshea, gharama ipo hata kama hakuna mzoga.

Kisheria, Kenya ina Sheria ya Wanyamapori ya 2013, inayowalinda wanyama hawa, ila haina ukurasa wa mlio wa chini ya maji. Mkataba wa Sheria ya Bahari, katika kifungu cha 236, unaziondoa manowari kwenye masharti ya mazingira, huku ukiitaka kila nchi ihakikishe meli zake zinayafuata kadiri inavyowezekana. Mwenyeji anaweza kumpa mgeni sharti kabla hajamfungulia lango: mazoezi ya milipuko na ya sona kali yasiwekwe Julai hadi Septemba, yawe mbali na hifadhi za Kisite na Mombasa, na tarehe zake ziwafikie watafiti mapema.

Na sisi raia tuna la kufanya siku mnyama akikwama. Kule Bahamas ushahidi ulipatikana kwa sababu mtafiti Ken Balcomb, aliyekuwa akiishi Abaco, alivihifadhi vichwa vya baadhi ya wanyama ndani ya friza kabla havijaoza. Joto letu halingoji. Waite Shirika la Huduma kwa Wanyamapori saa ile ile, piga picha, andika saa, mahali na vyombo vyote vilivyokuwa vikionekana baharini, na wazuie vijana wasimkate nyama wala mafuta, hasa kichwani.