Klarineti ya bei ghali: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: Sauti nzuri ni ya mbao, plastiki ni ya watoto.

Klarineti ni ala ya muziki ya kupuliza, na nyingi za bei ya juu huchongwa kwa mpingo, mti uleule wa vinyago vya Wamakonde, unaovunwa Tanzania na Msumbiji. Ni mbao nzito hivi kwamba kipande chake kikitupwa kwenye ndoo ya maji kinazama. Lakini ndani ya klarineti kinachotetema ni hewa. Mwaka 1964 mwanafizikia John Backus alipima mtetemo wa kuta za ala hizi akaona hauongezi kitu cha maana kwenye sauti. Pesa zako zinakwenda kwenye umbo la tundu la ndani na ulaini wa kingo za matundu ya vidole. Mpingo unapendwa kwa kuwa unachongeka kwa usahihi mkubwa. Buffet Crampon wenyewe, watengenezaji wa klarineti wa Ufaransa, huuza Greenline, iliyotengenezwa kwa unga wa mpingo na nyuzi za kaboni, pamoja na zile za mbao tupu.

Dhana: Mpingo ni wa hapa jirani, hauwezi kupasuka Nairobi.

Unapasuka, tena vizuri sana. Asubuhi ya baridi mwezi Julai, pumzi yenye joto na unyevu inatanua mbao kwa ndani huku nje ikiwa bado baridi. Ufa huanzia mara nyingi kipande cha juu, karibu na matundu madogo ya pembeni. Ikiwa mpya, ipige dakika 15 hadi 20 tu kwa siku katika wiki mbili za kwanza, uifute ndani kila ukimaliza, na usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani. Mwanafunzi anayesafiri nayo kwa matatu kila siku atalala usingizi zaidi akiwa na ya plastiki.

Dhana: Ghali haivuji.

Hata mpya hutoka dukani ikivuja. Chukua kipande cha juu peke yake, ziba matundu kwa vidole vya kushoto, ziba chini kwa kiganja cha kulia, kisha fyonza hewa na uachie midomo. Ukisikia “tuk”, ni nzima. Ikiingiza hewa polepole, kuna pedi (kifuniko laini kilicho chini ya kibonyezo) isiyokaa sawa. Kata ukanda mwembamba wa karatasi ya sigara, uweke chini ya pedi, funga kwa wepesi na uvute. Pale unapoteleza bila kukwama ndipo penye uvujaji. Hiyo ni kazi ya fundi, na kwa kawaida haifiki hata karibu na bei ya klarineti nyingine.

Dhana: Ukinunua ya ghali, tuni itajipanga yenyewe.

Hapa pana ukweli kidogo. Klarineti ikipandishwa sauti hurukia noti ya 12, si ya 8 kama filimbi. Tundu dogo la kidole gumba linafungua sauti za juu na papo hapo linatoa noti ya B bapa ya “kooni”, yaani ya katikati ya ala, na hakuna mahali pamoja panapofaa kazi zote mbili. Kila mtengenezaji anakubali hasara mahali fulani. Wa bei ghali huigawanya kwa ustadi zaidi. Ipime hivi: ipashe joto dakika 10, fungua programu ya tuni kwenye simu, piga C ya chini, kisha bila kugusa kingine bonyeza kwa gumba kibonyezo cha tundu hilo dogo upate G. Rudia kwa F na C, halafu E na B. Andika senti ngapi (senti ni sehemu moja ya mia ya nusu-toni) kila jozi inaachana, ukitumia kipande chako cha mdomoni na ridi yako, ule utepe mwembamba wa tete unaofungwa kwenye kipande hicho, kwenye kila ala unayoilinganisha. Kama tofauti kati ya ala hizo mbili ni ndogo kuliko ile unayopata ukibadilisha ridi tu, nunua kwanza kipande kizuri cha mdomoni. Anayepiga kwenye okestra na amechoka kurekebisha noti ileile kwa midomo kila zoezi, huyo ana sababu ya kulipa.

Dhana: Vibonyezo vya fedha hung'arisha sauti.

Hapana. Vidole havitelezi sana, basi.