Mnyama adimu na bei yake katika uwindaji wa kulipia

Mtu wa Lubumbashi akisikia mgeni amelipa maelfu ya dola ili kumpiga swala mmoja, huuliza: nyama yake ina nini? Nyama haimo katika hesabu hiyo. Mnyama huitwa adimu kwa sababu tatu, na kila moja ina bei yake: wamebaki wachache, wanaishi mahali pamoja tu, au ni wagumu kupatikana.

Ugumu unakula pesa kuliko watu wanavyodhani. Chukua nzohe, swala wa kwenye mafunjo. Kwato zake ndefu hupanuka, hivyo hupita juu ya tope bila kuzama. Mwindaji hupanda kichanja kabla jua halijachomoza na kungoja atokeze kichwa. Anaweza kurudi kambini mikono mitupu siku baada ya siku, na kila siku inalipiwa: kiongozi wa uwindaji, wasoma nyayo, mpishi, gari. Ada ya mnyama mwenyewe inakuja juu ya hapo, halafu vibali, kukausha ngozi na pembe, na kuzisafirisha. Siku zilizopotea hazirudishwi. Bongo, swala mkubwa wa misitu ya Kamerun, ni ghali kwa sababu hiyohiyo.

Lechwe mweusi, swala wa majimaji, ni jirani yetu wa Katanga, yuko kwenye mabwawa ya Bangweulu, Zambia. Huko wapo makumi ya maelfu, tena uwandani, wanaonekana kwa mbali. Ila makao yake ya asili ni hayo tu, kwa hiyo anayemtaka katika makao hayo hana pengine pa kwenda, na idadi ya kuwindwa hupangwa na serikali.

Uchache wenyewe hupata bei pale tu kibali kinapouzwa. Mwaka 2014, huko Dallas, Marekani, kibali cha kumwinda faru mweusi mmoja wa Namibia kilinadiwa kwa dola 350,000.

Sasa tuje kwetu Katanga. Lechwe wa Upemba alitambuliwa na wanasayansi kuwa spishi ya peke yake mwaka 2005, na leo wanakadiriwa hawafiki 100. Ni adimu kuliko wote niliowataja, lakini anayemuua anauza nyama tu, na nyama ya pori sokoni haiulizwi jina. Wanaosema afunguliwe kibali ili alete dola, mimi siwaungi mkono: idadi hiyo haivumilii kupoteza hata dume mmoja. Pesa za kumwokoa zitafutwe kwingine, zianze na mishahara ya walinzi wa Hifadhi ya Taifa ya Upemba, kisha riziki ya vijiji vya wavuvi vinavyopakana na mabwawa yake.