Kabla kitanda hakijapanda kirikuu: kuhama nyumba bila kuhama na kunguni

Korosho zikishauzwa na fedha zikaingia, watu wa huku kwetu huhama. Anayetoka chumba kimoja Magomeni ya hapa Mtwara anapata vyumba viwili Mangamba, anayetoka Lindi mjini anahamishiwa kazi Mtwara. Mimi kazi yangu ni kupiga dawa ya wadudu majumbani, na msimu huo simu nyingi ninazopokea ni za kunguni. Wengi hupiga wakiwa wameshahamia. "Fundi, nyumba mpya, ina vigae, imepakwa rangi juzi tu, kunguni wametoka wapi?" Mara nyingi jibu huwa ndani ya maungio ya kitanda walichokuja nacho.

Inaniuma, kwa sababu kuhama ndiyo nafasi nzuri kuliko zote ya kuachana na mdudu huyu. Ni lini tena kitanda kitafunguliwa chote, kabati litatoka ukutani, kila nguo itashikwa mkononi? Kazi ya kunguni ifanywe hapo, nyumba ya zamani, kabla mzigo haujapanda gari. Ukisema utashughulika nao ukishafika, umewapa nyumba mpya.

Na tuondoe aibu kwanza. Kunguni hafuati uchafu. Anafuata joto la mwili, hewa tunayoitoa tukipumua, na damu. Nimewakuta kwenye nyumba zinazong'aa. Hajulikani kuambukiza binadamu maradhi, ila anayekosa usingizi na mtoto anayejikuna hadi vidonda hawahitaji kuambiwa kwamba si jambo dogo. Aibu ndiyo inayofanya watu wafiche, wapulize kidogo usiku, kisha wahame kimyakimya na mzigo wote.

Anayesumbua zaidi maeneo ya joto kama yetu anaitwa kitaalamu Cimex hemipterus. Mkubwa wake ana urefu wa milimita 4 hadi 7, hana mabawa na haruki; anatembea, au anabebwa. Jike hutaga yai moja hadi matano kwa siku, meupe, ya milimita 1 hivi, yakiwa yamegandishwa ndani ya ufa. Kwa joto la pwani huanguliwa ndani ya wiki moja au kidogo zaidi. Nayasisitiza mayai kwa sababu ndiyo yanayosafiri bila kuonekana, na ndiyo ambayo dawa nyingi za dukani hazigusi.

Hapo ndipo chupa ya kupuliza inapowadanganya watu. Dawa nyingi za bei nafuu ni za jamii ya pairethroidi, jamii ileile inayotiwa kwenye vyandarua. Mwaka 2002 watafiti waliochunguza vijiji vya mkoa wa Tanga vilivyokuwa vikitumia vyandarua vyenye dawa waliripoti kunguni walioizoea. Kwa hiyo ukipuliza jioni ya kuamkia safari, wanyonge watakufa, sugu watajificha ndani zaidi, mayai yatabaki mazima, na asubuhi unapakia.

Kinachowaua wote, sugu na wasio sugu, pamoja na mayai, ni joto. Kwenye nyuzi 48 za Selsiasi mkubwa hufa kwa dakika 20 hivi, mayai huhitaji zaidi ya saa moja. Kwenye nyuzi 60 hawachukui muda. Kwa hiyo silaha yako ya kwanza ni sufuria kubwa na mkaa.

Anza na kitanda, wala usianze na nguo. Kitoe nje kwenye sakafu ya saruji au udongo mweupe ili uone kinachoanguka. Fungua nati zote, toa chaga moja moja, chomoa mbavu kwenye vichwa vya kitanda. Angalia ndani ya tundu zinakoingia mbavu, kwenye vichwa vya misumari, chini ya nakshi na pale seremala alipoziba kwa gundi na unga wa mbao. Utaona vidoa vyeusi kama vya wino. Pitisha kitambaa kibichi, vikichafua rangi ya kahawia au nyekundu, hicho ni kinyesi cha damu. Utaona na maganda mepesi waliyovua wakikua. Mimina maji yanayochemka, yaliyotoka jikoni sasa hivi, polepole ndani ya kila tundu na kila ufa, geuza ubao, mimina tena. Maji yaliyopoa njiani kutoka jikoni hayafanyi kazi. Mninga na mkongo huvumilia. Anika upande wenye upepo mpaka zikauke. Vitanda na kabati za mbao za kubandikwa zitavimba, hizo zipige brashi ngumu na uzipitishe mvuke kama una kifaa chake. Kitanda cha kamba ni kazi zaidi, maana kila fundo ni nyumba. Kama kamba zimechoka, zikate, mwagia fremu maji yanayochemka, suka upya.

Nguo, mashuka, vyandarua na mapazia: zinazovumilia maji ya moto ziloweke kwenye maji ya nyuzi 60 au zaidi, kisha fua na anika. Chandarua chenye dawa kisiguswe na maji ya moto; kikung'ute nje, kikague kwenye mishono na mikunjo, ukifunge peke yake. Zisizovumilia maji, kama suti, zipige pasi kwa utulivu kwenye mishono na kola. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi yao, nguo safi isirudi kabatini wala isilale kitandani. Iingie moja kwa moja kwenye mfuko mzito wa nailoni, ufungwe kwa selotepu, na usifunguliwe mpaka nyumba mpya iwe tayari. Salfeti haifai, imesukwa na ina nafasi. Na tafadhali msitumie mifuko iliyokuwa na salfa ya mikorosho, ule unga wa kuzuia ukungu. Vumbi lake linawasha ngozi na macho ya watoto.

Nikiwa kwenye salfa niseme kabisa. Nimekuta watu wameimwaga chini ya godoro, wengine wanataka kuichoma chumbani. Moshi wake unachoma mapafu. Dawa ya mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi, ni ya shambani, haikutengenezwa kwa kitu unachokilalia. Vidonge vya kuhifadhia nafaka ni hatari kuliko vyote: hutoa gesi inayopenya hadi chumba cha jirani, na imeshaua familia nzima katika nchi mbalimbali. Dawa yoyote unayonunua iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, na kibandiko kiseme wazi kwamba ni ya ndani ya nyumba.

Jua letu ni kali, ila lina mipaka. Mfuko mweusi wenye viatu na mikoba, ukiachwa ndani ya gari lililofungwa vioo juani mchana kutwa, unaweza kupata joto la kutosha mpaka ndani. Godoro lililoegeshwa ukutani halipati. Upande mmoja unaungua, kunguni wanahamia upande wa kivuli, jioni unalirudisha nao.

Godoro lenyewe livue jalada, lichemshe jalada, piga brashi kingo zote za sponji, kisha lifunge kwenye nailoni nzito na selotepu kila mshono kabla ya kulitoa nje. Lile lililoharibika kabisa liache, lakini usimpe mtu wala usiliegemeze barabarani likiwa zima, kuna atakayeliokota kwa furaha. Lichane, liandikwe "KUNGUNI" kwa herufi kubwa, lipelekwe dampo. Kulichoma mtaani ni kuwapulizia majirani sumu. Redio na spika zisilowe wala zisipulizwe dawa ndani. Zifunge peke yake, na huko uendako zikae mbali na kitanda.

Gari nalo ulizie. Kirikuu kinachobeba vyako leo jana kilibeba makochi ya mtu mwingine. Mwombe dereva afagie bodi, tandika turubai lako mwenyewe, na kataa matambara na magodoro ya kukingia vitu.

Nyumba mpya ikague ikiwa tupu. Omba ufunguo siku chache kabla, ingia na tochi: nyufa za plasta, kona za dari, nyuma ya fremu za milango, matundu ya misumari. Kunguni huishi miezi bila kula, kwa hiyo chumba kilichokaa kitupu mwezi mzima si ushahidi wa chochote. Ukiona dalili mwambie mwenye nyumba kabla hujalipa kodi ya miezi sita, na dawa ipigwe kabla kitu hakijaingia, irudiwe baada ya siku 10 hadi 14 kuwakuta walioanguliwa. Kama ni nyumba ya vyumba vya wapangaji wengi, dawa ya chumba kimoja itawasukuma kwa jirani kisha watarudi; zungumza na wenzako, pigeni siku moja.

Ukishaingia, weka kitanda mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita, shuka na chandarua visiburute sakafuni, miguu ya kitanda isimame kwenye makopo yenye maji na sabuni kidogo. Yabadilishe maji kila baada ya siku mbili tatu, maana maji yaliyotuama ni mazalia ya mbu. Vyombo vikavu vyenye kuta laini haviaminiki sana kwetu, kunguni wa ukanda wa joto hupanda sehemu laini kuliko yule wa nchi za baridi. Mfuko wa nguo fungua mmoja mmoja. Kwa wiki sita za mwanzo, kila Jumamosi, pitisha tochi kwenye mishono ya godoro na maungio yote ya kitanda. Ukimkuta hata mmoja, usihame kwenda kulala chumba kingine, atakufuata huko. Baki hapo, chemsha maji, na nipigie siku hiyohiyo.